Majina ya Nyuma ya Fiche

Umeme wa Bunia haujui kuaga. Unaondoka wakati wewe uko katikati ya shida yako, na ukirudi hauombi msamaha. Siku ile uliondoka asubuhi ya jua kali, pale Boulevard de Libération, katika kibanda cha fotokopi kilichojaa watu mpaka mlangoni. Mwenye kibanda akatoka mbio kutafuta mafuta ya jenereta. Watu wakabaki wakifuta jasho na kulaumu serikali, maana ni nani mwingine wa kulaumiwa?

Micheline hakulaumu mtu. Alisimama kwenye meza, amevaa pagne ya buluu yenye maua ya manjano, na blauzi ya libaya iliyomkaa vizuri kiunoni kama imeshonwa akiwa ndani yake. Mbele yake kulikuwa na rundo la kadi nyeupe, ndogo kama kiganja, ambazo ndiyo kwanza zimetoka kukatwa. Alizigonga-gonga mezani zikae sawa.

"Mama, hizi karata zako haina picha hata moja," sauti ikasema pembeni yake. "Munachezaka nayo namna gani?"

Akageuka. Ni mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, na viatu vyeusi vinang'aa, jambo ambalo katika vumbi letu jekundu lina maana moja tu: huyu amefika juzi.

"Huu muchezo ni ya watu ya akili," Micheline akamjibu.

"Basi unifundishe. Akili niko nayo kidogo, lakini niko na bidii."

"Na mudomo."

"Mudomo niko nayo mingi, ni kweli. Naitwa Osée. Natoka Kisangani, sina hata wiki huku. Na weye?"

"Mi natoka kazini. Na niko narudia kazini."

Kibanda kizima kikacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Papa, huyu amekuzidi," na Osée akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Jenereta ilipoanza kunguruma alikuwa yeye wa kwanza kwenye mstari, lakini akamwachia Micheline nafasi yake, kisha akaomba namba ya simu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Numéro yangu haipatikanake mu foule ya watu," Micheline akasema. "Bunia si kubwa. Tutaonana."

"Na tukionana utanipa?"

"Tukionana, tutaona."

Akapanda moto, pikipiki ya abiria, na kadi zake kifuani. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake, na dereva akawa anamchungulia kwenye kioo.

Sasa nikuambie kazi ya Micheline, maana hata wanafunzi wa chuo alichofanyia kazi hawakuijua. Wao walimjua mama wa mbele, yule anayewapa vitabu na kuwanyamazisha. Micheline alikaa chumba cha nyuma cha bibliothèque, maktaba ya chuo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kitabu kikiingia, kilipita kwanza mikononi mwake. Alikifungua, akajua kinasema nini, akakipa namba mgongoni, akakipigia fiche, ile kadi nyeupe, kwa mashine ya kuandikia: jina la kitabu, la mwandishi, na habari zake. Kisha fiche ikaingia kwenye droo za mbao. Kitabu kisicho na fiche kimepotea hata kama kiko rafuni. Kazi hiyo aliipenda, na hakuona haya kusema hivyo.

Jumatatu chef wake, Monsieur Isidore, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kifuani, aliingia na mgeni. Micheline alitazama chini, akaona viatu vinavyong'aa. Moyo ukamruka pa!

"Micheline, huyu ni Monsieur Osée, informaticien, mutu ya kompyuta. Anakuja kutia catalogue yetu yote mu ordinateur. Kuanzia sasa kitabu ikiingia, hatutaandika tena. Fiche yake iko tayari, waliisha kuiandika fasi ingine, Ulaya ama Amerika. Siye tutaivuta tu na internet."

"Na mimi, chef?"

"Kazi yako itabadilika."

"Itabadilika ama itaisha?"

Isidore akavua miwani akaanza kuifuta. Mtu akifuta miwani mbele yako, ujue hana jibu. Alipotoka, Osée alikuwa ameshika fiche moja, anaisoma polepole.

"Kumbe muchezo ni hii."

"Ndiyo hii. Na weye umekuja kuifunga."

"Mama, mi sikujua kama..."

"Mademoiselle."

"Mademoiselle!" Osée akaweka mkono kifuani. "Aksanti Mungu."

Micheline alitaka kukasirika, akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na asikudanganye mtu kwamba yalianza polepole.

Osée alifunga mashine yake chumba cha pembeni. Ilimeza fiche kumi kwa mara moja, ikazipiga picha, ikazitema. Yeye alivuta maandishi, Micheline akamsahihisha. Siku moja Osée alitia kitabu cha magonjwa ya ng'ombe pamoja na vitabu vya madaktari wa watu, na Micheline akamuuliza kama mama yake huko Kisangani ana pembe. Naye Osée alimfundisha kuandika kwenye kompyuta, akisimama nyuma ya kiti chake karibu kuliko ilivyolazimu. Adhuhuri walikula sombe na samaki wa Kasenyi kwenye sahani moja. Osée alipomwona Micheline anafungua kitabu cha sheria na kusema baada ya dakika kumi kinahusu nini na kinakaa wapi, akatikisa kichwa. "Mashine haiwezake hii," akasema. Na simu, jamani! Namba alikuwa ameshaipata.

"Allo, professeur wa karata?"

"Osée, uko mu chumba ya pembeni. Unapiga simu juu ya nini?"

"Juu ya hii mukuta. Iko kati yetu, inaniumiza."

"Fanya kazi."

"Sema kwanza mupenzi."

"Fanya kazi, mupenzi." Akakata haraka, masikio yanamwaka.

Jumapili walitoka kanisani pamoja, yeye na pagne mpya ya zambarau ambayo Osée alimnunulia, na mji mzima ukaona. Divine, rafiki yake tangu shuleni, muuza mikate ya mafuta pale soko kuu, alimwita pembeni akamwambia, "Mishe, huyu usimuachilie. Mwanaume mwenye kujua kubeba sakosh ya mukononi ya muke bila haya, hayuko mingi." Micheline hakuwa na mpango wa kumwachilia. Alimpenda. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mara ya kwanza maishani alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwa furaha tu.

Lakini kitu kimoja hakumwambia, kwa sababu hakumwambia mtu yeyote.

Miaka ile watu wa Djugu walipokimbia vita wakaja Bunia, wengine walifika bila godoro lakini na kitabu kwapani. Hema za wakimbizi zilivuja. Wakaja mlango wa nyuma wa bibliothèque wakamwomba Micheline: utuchungie hii, mpaka siku tutapata nyumba. Akavipokea. Vingi havikuwa na ukurasa wa kwanza. Wenyewe waliuchana njiani, maana penye jina lako na kijiji chako pana na kabila lako, na kwenye barrière, kizuizi cha wenye silaha, kabila linaweza kukuua. Basi kila kitabu Micheline akakipigia fiche kama kitabu kingine chochote, jina na namba. Halafu akaigeuza, na nyuma akaandika kwa crayon, yaani penseli, herufi ndogo: mwenyewe ni nani, ametoka wapi, anakaa wapi. Kwa crayon, ili siku watu wabaya wakiingia aweze kufuta upesi. Na kila mmoja Micheline alimwambia, "Siku utakuja, utaipata." Zilikuwa fiche mia mbili na kumi, zote katika droo moja ya chini. Chef alikuwa amekataza kuchorachora fiche, kwa hiyo hata yeye hakujua.

Shangazi yake Micheline akafa huko Nizi. Akaenda matanga, siku sita. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Aliporudi, chumba chake hakikuwa chumba chake tena. Droo za mbao zimekwenda. Mahali pake kuna meza mbili, kompyuta mbili, na kiti chenye magurudumu. Osée alimngoja katikati, shati jipya, mikono wazi.

"Bolingo, mupenzi, karibu! Fasi yako ni hii. Angalia kiti, inazunguka! Ikaa."

"Madroo iko wapi?"

"Ilitoka. Chef alihitaji nafasi. Usiogope, yote iliingia, hata moja haikubaki. Nimetia signature."

"Na nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya fiche, Osée."

Osée alicheka kidogo, kisha akaona uso wake, kicheko kikamfia. "Nyuma haina kitu. Mashine inapiga mbele tu. Niligeuza za droo ya kwanza, zilikuwa nyeupe. Nikasema zote ni vile."

"Fiche elfu tisa. Uligeuza droo moja."

Micheline akakaa chini sakafuni, kile kiti hakukigusa, akamweleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba. Naye Osée akamwambia kwamba Mama Suzanne wa usafi alikuwa ameshabeba fiche zote, ameshazigawia wauza mikate sokoni, maana karatasi ngumu haipitishi mafuta upesi; Micheline akahesabu kwamba zimeshaungua zote.

"Juu ya nini haukuniambia?" Osée akauliza.

"Juu ya nini haukuuliza?"

Wote wawili walikuwa na haki, na ugomvi wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote.

"Watu walinipa vitu ya baba zao," Micheline akasema, machozi yanamtoka waziwazi. "Niliwapa neno langu. Weye umetia signature juu ya neno langu. Ulikuja kunifuta, Osée, tangu siku ya kwanza. Sasa umemaliza kazi yako. Usinipigie tena."

"Mishe..."

"Usiniite vile."

Osée akapiga simu. Siku ile alipiga mara kumi na moja, na Micheline akaifunika simu kwa kamusi mpaka ilipochoka. Akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza tu: fiche iliyoandikwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, inashuka yenyewe. Kila ikishuka moja, alihisi amepungua.

Jumatano akaja msichana mmoja mwembamba, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo mama. Naitwa Débora, mutoto ya mwalimu Antoine. Baba yangu aliachaka Biblia yake hapa, wakati tulikuwa mu hema. Yeye alikufa. Sasa mama yangu Véronique iko mugonjwa, hatoke tena kitandani. Kila siku anaomba ile Biblia. Nilimuletea ya jirani, akasema hii si ya bwana yangu."

Micheline alimkumbuka mwalimu Antoine vizuri, mtu mpole, koti lenye viraka viwili. Alikumbuka hata mvua ya siku ile. Lakini Biblia za watu waliokimbia zilikuwa thelathini na saba rafuni, zote nyeusi, zote Kiswahili, zote bila ukurasa wa kwanza, na kilichozitofautisha kilikuwa jina nyuma ya fiche.

"Unaweza kuijua?"

"Nilikuwa mutoto. Mama anasema yeye ataijua na mikono. Lakini siye tunakaa Ngezi, na hawezi kufika."

Na kitabu cha rafu hakitoki nje; ndiyo sheria ya Isidore, imeandikwa mlangoni. Micheline akamshika Débora mkono. "Unipe siku kidogo," akasema, na akajichukia, maana hakujua siku hizo zitasaidia nini.

Wiki ikapita. Osée alikuwa hapigi tena. Kazini alifika, akasalimia, akafanya yake chumba cha pembeni kimya. Micheline aliyekitaka kimya hicho, sasa akawa anatega sikio kila mlango ukifunguka. Ndipo Divine akapiga.

"Mishe, bwana yako iko anatuharibia soko."

"Sina bwana."

"Yule ya viatu. Kila asubuhi anafika mbele yetu. Anapita kwa kila mama ya mikate: mama, unifungie na ile karatasi ngumu. Ukimufungia na gazeti, anakataa! Siye tunamuita Papa Mikate. Na ile viatu, Mishe, rangi yake hauwezi tena kuijua."

"Mikate anafanya nayo nini?"

"Anagawia madereva ya moto. Wamenenepa! Ananunua hata zile mama wanakalia, zile wanapepelea makaa. Jana kwa Mama Orly ziliisha kuwekwa mu makaa ya mbabula, akaingiza mukono akatoa mbili. Aliungua."

"Aliungua? Wapi? Sana?"

"Ah! Sasa unasikia?" Divine akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Kama haumutaki sema, mi niko."

"Divine!"

"Basi usiwe kichwa ngumu. Mutu anayekuja kukufuta hatafutake maandishi yako mu moto."

Micheline akaweka simu chini. Neno "kukufuta" lilikuwa lake mwenyewe, alilomlilia nalo Divine, na sasa mwingine alipolisema, alilisikia lilivyokuwa baya.

Jumatatu iliyofuata Osée alipita mbele ya meza yake, kitambaa kimefungwa mkono wa kuume, katoni kwapani, harufu ya mafuta ya mawese imemfuata mpaka ndani. "Bonjour, Micheline," akasema, na hakusimama. Akaingia kwa chef, mlango akauacha wazi.

"Chef, ile karatasi nilitia signature, nilisema uongo. Nilisema yote iliingia. Haikuingia. Nyuma ya fiche za chini kulikuwa majina ya watu, na mi sikugeuza. Hizi ndizo nimepata, mia moja na sitini na nne. Zingine ziliisha kuungua. Ni kosa yangu, si ya mwingine."

Isidore akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Majina gani? Nani aliandika nyuma ya fiche zangu?"

Osée hakumtaja mtu. Alimwangalia mzee usoni na akanyamaza kabisa, na Micheline aliyesikia kimya kile alijua kinamlinda nani. Akasimama, akaingia.

"Ni mimi, chef. Miaka yote hii. Vitabu vyenyewe ni ya wakimbizi, siye tunavichunga tu. Nilificha juu ya usalama yao, halafu nikaficha juu ya kukuogopa. Na Osée sikumwambia hata yeye. Kosa ni ya wawili."

Mzee akageuza fiche moja yenye doa la mafuta, akasoma nyuma. Akachukua nyingine. Akasoma nyingi, akizipanga moja moja mezani.

"Mficha uchi hazai, Micheline," akasema mwishoni. "Na weye Monsieur, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tangu wiki mbili niko najiuliza nitakupa kazi gani, binti yangu, kwani mbele ya fiche inatoka Ulaya sasa. Kumbe kazi iko." Akagonga nyuma ya ile kadi. "Hii Ulaya haiijue. Mutaitia mu ordinateur, fasi yenye musomaji hataona. Na zile zinakosekana, utatoka nje, uende kutafuta wenyewe, kanisani, kwa sites ya wakimbizi, nyumba kwa nyumba. Mi sina mutu mwingine wa kufanya ile."

Micheline alikuwa ameshapiga magoti kando ya katoni, anatafuta fiche ya mwalimu Antoine. Akapitia zote mara mbili. Haikuwemo.

"Kuna mama mugonjwa kule Ngezi, anaomba Biblia ya bwana yake; anasema ataijua na mikono," akasema taratibu. "Ila hawezi kufika. Na kitabu haitoke."

Osée akamtazama chef. Micheline akamtazama chef. Mzee akavua miwani zote mbili.

"Mutu akikataza, anaweza pia kukataza kukataza," akanung'unika. "Muende. Mukipoteza moja, musirudie."

Walikwenda Ngezi na moto mbili, Biblia thelathini na saba zimefungwa kwenye shuka, nusu mbele ya Micheline na nusu mapajani mwa Osée. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, uwanja umefagiliwa. Mama Véronique alilala kitandani karibu na dirisha, amejifunika kitenge cha kijani, macho yamefifia lakini kichwa kiko macho sana. Débora akamwinua akamwegemeza ukutani.

"Mulete moja moja," mama akasema. "Mi si duka."

Osée akawa anatoa moja, Micheline anaipokea na kumwekea mama mikononi. Mama alipapasa kila moja, akapitisha kidole gumba kwenye kona za kurasa.

"Hii hapana. Hii hapana. Hii mwenyewe hakuisomaka hata siku moja, sikia vile inalia. Hii hapana."

Ilipofika ya ishirini na kitu, kidole kikasimama. Kikarudi. Mama akapapasa kona ya chini, moja, ya pili, ya tatu, nyingi zimekunjwa ndani. Akaanza kucheka bila sauti, na machozi yakashuka katikati ya kicheko.

"Ni yeye. Ni Antoine. Musikie hizi kona. Siye tukigombana, hakujibuka. Alikunja kona pale alikuwa anasoma, aseme: Véro, tutarudilia hapa tukipoa. Halafu jioni anafungua pale, tunasoma wawili, maneno inaisha. Ni mingi, ee? Tuligombana sana! Lakini kila kona tulirudilia."

Débora akalia. Micheline naye akalia, hakujificha. Mama akamwagiza, "Jina yake tuliichana njiani. Kamata bic, andika tena." Micheline akaandika ndani ya jalada, herufi kubwa: ANTOINE, MWALIMU. Akamsomea. Mama akataka asome tena, akasoma tena.

Kisha macho yale yaliyofifia yakageukia pale walipo.

"Na nyinyi? Tangu mumeingia munapeana Biblia kama watu wanaopeana makaa, vidole haigusane. Muligombana?"

"Ndiyo, mama," wakajibu pamoja.

"Muliisha kupoa?"

Osée alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya Biblia, mkono wa kitambaa umelala gotini. Viatu vyake, kweli, havikuwa na rangi tena.

"Mama, mi nilimukosea huyu muke," akasema. "Nilifanya haraka pale yeye alifanya polepole. Mi sitaki tu anisamehe. Nataka kumuoa. Lakini naogopa kusema, juu alinikataza kumuita hata jina."

"Usiniambie mimi," mama akasema kwa ukali. "Muambie mwenyewe."

Osée akageuka. "Mishe. Ukubali nikuoe. Bila weye naona mbele tu ya kila kitu, nyuma siione."

Hata Débora aliacha kupangusa machozi.

"Niliumia, Osée," Micheline akasema.

"Najua."

"Na mi nilikusema vibaya. Haukukuja kunifuta. Ile ilikuwa hasira."

"Najua ile pia."

"Unajuaka mingi siku hizi." Akamshika ule mkono wenye kitambaa, taratibu, akaupandisha mapajani mwake. "Nimekubali. Nakupenda, na hizi wiki mbili zilitaka kuniua. Lakini uende Nizi kwa baba yangu na watu yako, kama inavyopaswa. Mi siibiwake."

"Naenda kesho!"

"Kesho tuko na kazi. Nyumba mingi ya kupita. Utaenda dimanche, tukitoka kanisani."

Débora hakungoja wamalize. Akapiga vigelegele, virefu, vya kupasua bati. Majirani walijua hali ya mgonjwa wa nyumba ile, wakadhani ni kilio. Wakaja mbio, wanawake mikono kichwani, mzee mmoja ameshavua kofia. Wakasongamana mlangoni, wakaona Biblia zimetapakaa kila mahali, wakaanza kuuliza kwa hofu nani amekufa.

"Hakuna mutu alikufa," Mama Véronique akawaambia, Biblia ya mumewe imekumbatiwa kifuani. "Ni huyu mutoto amekubali bwana. Muingie, muone."